Kitambaa cha Miungu Wagonjwa

Kwako Dada Hemalata,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na mtoto hamjambo. Sisi tunapumua, ila kuna sauti haijanitoka masikioni: brashi ya Baba ikigonga ukingo wa kifuu cha rangi, ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye baridi. Na jua lilikuwa kali.

Ni mkono wake, Dada. Daktari alisema hautatulia tena. Baba alimjibu kwamba mkono ni wake na anaujua, akarudi kuniagiza kitambaa cha hekalu. Unaelewa uzito wake: miungu wakiugua baada ya kuogeshwa, sanamu zao hufichwa, na watu huisujudia picha anayoichora Baba juu ya kitambaa hicho mpaka wapone.

Nilimsihi mwaka huu kazi hiyo amwachie Baba Mdogo Fakira, naye mchoraji. Akaniuliza kama chuoni nilifundishwa kuzika watu hai. Fakira mwenyewe akapita barazani akitania, "Kaka, safari hii mungu atatoka makengeza!" Watu wakacheka. Baba naye alicheka, kisha hakugusa chakula.

Nikaandaa kitambaa kama marehemu Mama alivyotufundisha: sari mbili kuukuu nikazibandika pamoja kwa gundi ya mbegu za ukwaju, nikapaka chaki iliyochanganywa na gundi hiyohiyo, nikaanika, nikasugua kwa jiwe hadi kikang'aa. Baba alikipapasa akasema, "Mama yako kabisa huyu." Nilitoka nje asinione uso.

Baba akakichora peke yake, akakikunja. Jana wazee wa hekalu walikuja kukichukua. Walipokikunjua tu, chaki ilibanduka na rangi yote ikapukutika sakafuni. Hakuna aliyepata nafasi ya kuiona picha. Baba alinigeukia mbele yao: "Msichana kasoma mpaka mikono imesahau kazi! Nani atachora juu ya uji wako?" Kazi akapewa Fakira. Majirani wachoraji wamesharudisha vitambaa walivyonunua kwangu. Baba alikula wali wote, akalala vizuri.

Dada, gundi ya chaki niliipunguza kwa makusudi. Nilikuwa nimeona nyuso alizojaribu kuchora ukutani. Jicho lilishuka hadi shavuni. Mkono sikuweza kuuponya, na yeye sikuweza kumzuia.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji. Baba anawasalimu. Asubuhi hii ameniagiza kitambaa kingine, akawaonyeshe wazee wa hekalu, kasema niwe makini. Nimeshakipaka, chaki na maji matupu. Kinakauka juani.

Mdogo wako,
Kuntala