Mwezi wa Kumi Ambao Haukuwa Oktoba

Jumamosi, Oktoba. Ruiru kuna mawingu tangu asubuhi na nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Sijatoka nje. Naona haya hata kwa jirani ambaye hajui lolote.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kule Thika, kwenye kiwanda cha makadamia, kazi yangu ni ripoti. Bosi alitaka ukurasa unaoonyesha bajeti ya mwezi huu peke yake, kando ya kilo zilizochaguliwa kweli, na ujibadilishe wenyewe kila mwezi ukianza. Nikaweka kichujio: huu ni mwezi wa kumi, basi leta bajeti ya mwezi wa kumi. Nilijiona fundi kwelikweli.

Jana mkutanoni ukurasa ukajaa nyekundu pale ukutani. Kilo hazifiki hata nusu ya bajeti. Macho yote yakamgeukia Mama Shiru, msimamizi wa wanawake wanaochagua makadamia. Ndiye aliyenionyesha kiwanda siku yangu ya kwanza, mlango kwa mlango.

"Hizo ni kilo za mwezi wa nne," akasema. "Saa hii si season. Mnataka nizitoe wapi?"

Nikacheka. Nikasema, tena kwa sauti, "Mama Shiru, system haidanganyi."

Bosi akaamua kwamba kuanzia Jumatatu Mama Shiru atarudi mezani kuchagua, na usimamizi upewe mtu mwingine.

Baada ya chakula cha mchana nikafungua faili ya bajeti, sijui hata kwa nini. Mwaka wa kampuni unaanza Julai. Julai ndiyo mwezi wa kwanza. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Mwezi wa kumi wa bajeti ni Aprili.

Mwezi wa nne, kama alivyosema.

Ningekuwa mtu wa maana ningekwenda kwa bosi mbio. Badala yake nilirekebisha kichujio kimyakimya, nyekundu ikawa kijani, nikatuma barua pepe ya mstari mmoja kwa ofisi nzima: ripoti imeboreshwa. Imeboreshwa! Bosi alikuwa ameshaondoka. Kupitia dirishani nilimwona Mama Shiru akikunja aproni yake ya usimamizi, akiipiga pasi kwa viganja.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe. "Karani ameniambia ulikaa chini ukaangalia namba zangu tena. Ubarikiwe sana, kijana wangu."

Nimemjibu, "Amen."

Sijapata kuona neno likinichoma hivi. Kwa hiyo nimekata shauri: nitampigia sasa hivi nimwambie kosa ni langu, na Jumatatu nitasema mbele ya wote waliokuwepo, ukurasa ukiwa ukutani. Nimejizoeza mbele ya kioo. "Mimi ndiye niliyekosea. Mama Shiru alisema ukweli."

Inatoka kwa mnong'ono.

Jana sikuwa na shida ya sauti.