Baba Gabi na Kaburi Tupu

Jumanne, 3 Aprili 2001
Pasteur Nduwayo amenipa darasa la ubatizo. Bantu bakubwa tisa! Anataka nifundishe ufufuko kabla ya Pasaka. "Bamama njo balifika kwanza kaburini, Mama Léoncie." Nikakubali mbio mbio, kisha nikaogopa.
Bwana yangu, Baba Gabi, alicheka. Tangu tukimbie vita kwetu Fizi, tuje hapa kambini, haingii kanisani. Lakini benchi ikivunjika pale kanisani, njo yeye anaitengeneza.

Alhamisi, 5 Aprili
Darasani kuna Kayumba, Mnyarwanda, fundi wa saa. Leo ameuliza: na kama Yesu alizimia tu? Baridi ya kaburi ikamwamsha? Nilifunga darasa kwa maombi, mbio mbio. Haya!
Baba Gabi alikuwa infirmier, muuguzi wa hospitali, miaka kumi na minne. Nilimuuliza akichambua maharagwe. Nilifikiri atamshangilia Kayumba. Akaacha maharagwe.
"Fimbo zile zote, misumari, mkuki kwenye mbavu. Halafu siku ya tatu asukume jiwe, atembee na miguu ile? Hapana. Yule alikufa kabisa. Mi nimeona bantu wakifa, Mama Gabi."
Kisha akaniomba radhi eti amenisaidia! Tulicheka mpaka jirani Vénérande akagonga ukuta.

Jumapili, 8 Aprili
Kayumba tena: wanafunzi wa Yesu waliiba maiti. Baba Gabi anapinga. Balipigwa, balifungwa, na hakuna hata mmoja aliyesema tulidanganya. Kule Fizi aliona baaskari wakipiga bantu. Piga kumi, anasema, mmoja atasema.
Labda basi bamama walikosea kaburi? akauliza. Hapo nilijibu mwenyewe. Mama hasahau pale alipomlaza wake.
 Gabi, Gabriella wetu, iko Kigoma, tulimzika njiani, nyuma ya ukuta wa matofali. Homa, mwaka wa 1999. Alikuwa na miaka sita. Hata nikifungwa macho nitafika pale.

Jumatano, 11 Aprili
Imebaki hoja moja. Kayumba ameisema polepole, si kwa ubaya: huzuni. Ukimpenda mutu sana, macho yanakutengenezea sura yake.
Nyumbani Baba Gabi akasema: "Hii njo ngumu. Hii siwezi kuivunja." Alisema kwa upole, kama vile alivyokuwa anawachoma batoto sindano.
Nimeunguza nsima, ugali wa hapa. Kwa sababu najua.
Mwaka jana nilienda Lilongwe, soko la Tsoka, kununua vitambaa vya kushona. Gabi alisimama kando ya muuza nyanya. Gabi wetu! Akanitazama. Akapita mama na beseni kichwani — hayuko tena. Sijamwambia mutu yeyote.
Sasa nisimame mbele ya bantu tisa niseme macho hayadanganyi?

Ijumaa, 13 Aprili
Ijumaa Kuu. Nimeimba bila sauti. Kama mi nilimwona wangu na bado iko udongoni, Maria yule aliona nini?

Jumamosi, 14 Aprili
Nimemwambia Baba Gabi. Asubuhi, tukifua nguo. Hakucheka. Aliuliza kama infirmier: saa ngapi? Ulikuwa umekula? Alisema kitu? Ulimgusa?
Hakusema. Sikumgusa.
"Bale ba kwenye Biblia balimgusa," akasema. "Balikula naye samaki, tena wakiwa wengi. Kuona peke yako ni huzuni. Ile yao ni jambo lingine, sijui jina lake. Mwambie Kayumba hivyo. Atabisha, muache abishe."
Yeye, asiyeamini! Nikamshika mkono, na sabuni yake yote.
Hakuondoa mkono. Akakaa juu ya ndoo.
"Mi pia, Mama Gabi."
Nini?
"Nilimwona. Area 47, kule Lilongwe, kwenye geti ya yule mzungu niliyemkatia majani. Sikukuambia, ungelia. Alivaa nini, Gabi wako?"
Nikafungua mdomo. Akanizuia midomo kwa kidole. "Usiseme. Andika. Na mi naandika yangu, peke yangu. Kisha tutaweka pamoja: zikifanana, si huzuni tu."
Basi naandika. Robe ya kijani, gauni la mifuko miwili mbele. Si ile tuliyomzika nayo. Sijawahi kumshonea robe ya kijani.
Nimemaliza. Yeye bado. Ameinama, ameficha karatasi kwa mkono kama mtoto wa shule. Amekata mstari. Anaandika tena. Sasa ananiangalia. Naweka kalamu, tuzifungue.