Kadi za Matembezi ya Mama

Makongeni,
Nairobi.
12 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Wekulo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani na hilo joto la Doha? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi ni wazima, ila mimi nimechoka na mamako. Ndiyo, leo ni mamako, si mamangu.

Ninaandika barua kama watu wa zamani kwa sababu nikikupigia simu humu ndani atasikia kila neno. Nalianya anarudi huko Alhamisi, atakuletea.

Mama, na miaka yake sitini na sita na goti lile unalolijua, amejiandikisha kutembea kilomita ishirini na moja. Ni matembezi ya kuchangisha pesa za utafiti wa saratani, tarehe mosi Juni. Daktari alimwonya goti litaharibika kabisa, hata ngazi apunguze. Akaitikia vizuri, "Ndiyo, daktari," na kesho yake alfajiri akatoka kwa miguu hadi Muthurwa na kurudi. Sasa ni kila siku. Akipita Soko la Burma wauza nyama wanampigia makofi: "Kaza, mathe, kaza!" Jioni goti likivimba ni mimi ninayelikanda, si wao. Mpigie umkataze. Wewe kitinda mimba ndiwe anayekusikia.

Halafu kuna balaa la kadi za mchango. Alizipeleka kwa Mwanzia, yule mchapishaji wa pale stejini. Mwanzia, bila kuuliza, akatumia ile kadi anayochapa siku zote: "Harambee ya Matibabu ya Saratani", jina la Mama kwa herufi kubwa, na chini yake "Jina la mgonjwa" na nafasi tupu. Mama alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akagawa nusu yazo kanisani.

Basi Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja na unga, sukari na nyimbo. Mama alikuwa mazoezini. Akaingia akihema, jasho likimtiririka, akichechemea. Mama Opicho akaangua kilio: "Woi, ona vile amekonda!" Wakamlaza kwenye kochi, na kila akijaribu kuinuka wanamrudisha. Kawsar wa mlango wa pili akaleta maziwa ya ngamia na dua. Mimi nilikuwa jikoni nikipika chai ya watu kumi na wanne kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo.

Nilipowaeleza ukweli mambo yakazidi kuharibika. Mama Opicho akauliza, "Sasa hizo pesa tukitoa, ni nani atapona?" Mama akasema hajui. Wakatazamana. Unga waliuacha, lakini waliondoka kama watu waliochezewa.

Unajua ukaidi huu ulikoanzia. Tulipomuuliza daktari ni nini kilichompa dada yetu Mitchelle saratani akiwa na miaka ishirini na tisa, alisema chanzo bado hakijajulikana. Wewe ulikuwa huko, hukumwona Mama. Sisi tulilia, yeye alibaki na ile "bado". Tangu tuzike ananiuliza ni nani anayetafuta. Mimi pia nimemkumbuka Mitchelle, Wekulo, nimemkumbuka sana. Lakini sitaki kumzika mmoja kisha nimsukume mwingine kwenye kiti cha magurudumu.

Nilipofika hapo nikaacha kuandika, nikaenda kumwambia hizo kadi zilizobaki azirekebishe kabla hatujaletewa jeneza. Hakubisha. Akavaa miwani, akaniomba kalamu hii hii, akakaa mezani na kadi zake. Nikadhani anaufuta ule mstari. Aliponirudishia kalamu nikaokota kadi moja. Hakuwa amefuta kitu. Alikuwa amejaza. Yako nimeitia humu ndani ujisomee:

"Jina la mgonjwa: Bado hajajulikana."

Basi usimkataze. Tafuta soksi ya goti, ile ya kubana, saizi kubwa, umpe yeyote anayesafiri kuja huku. Ifike kabla ya tarehe mosi. Mimi nitatembea kando yake nikimnunia njia nzima.

Nisalimie Abdimajid mnayekaa naye. Mama anakusalimu na anauliza unakula nini. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Triza