Tone la Ajon Katika Chumba cha Joto

Malaba,
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa Chrispine,

Kabla hata sijakusalimu, nakuomba jambo moja. Barua hii uisome peke yako, na ukimaliza uitie jikoni iungue. Usimsomee mama, hata akikuuliza kwa nini Among ameandika kwa mkono kama watu wa zamani. Mwambie nimemsalimia tu. Wifi naye usimwambie, ingawa najua hana maneno mengi. Simu sithubutu kuitumia. Ofisini tunakaa watatu katika chumba kimoja, na siku hizi ukiandika neno moja linapigwa picha na kuzungushwa kwenye kundi la wafanyakazi kabla hujameza mate.

Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo kaka? Watoto hawajambo? Tulisikia kwamba Nzoia ilifurika tena, maji yakafika mlangoni mwa zahanati yenu hapo Rukala, mkawa mnahudumia wagonjwa huku mmekunja suruali. Natumaini yamepungua na kwamba mlipata dawa za kutibu maji. Mimi mwili ni mzima. Nakula, ingawa silali vizuri. Kichwa ndicho kimevurugika, na nakuandikia kwa sababu wewe ni mwuguzi na mimi ni karani tu. Labda utaona kitu ambacho mimi sikioni.

Kuna msichana anaitwa Ikhlas, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo chetu cha uuguzi. Ni mtoto wa muuza vitambaa kule mjini Busia. Alhamisi hii kamati ya nidhamu inakaa kwa mara ya pili, na inaelekea kumfukuza, halafu jina lake lipelekwe polisi. Wanasema amesababisha kifo cha mtoto mchanga. Nikisema ninayoyajua najiponza mwenyewe, nikinyamaza naye anaangamia. Acha nikueleze kwa utaratibu, maana nikikimbia sana hutanielewa.

Unakumbuka nilikwambia juu ya Mwalimu Okwakol, yule mzee mwembamba aliyekaribia kuwa padri akaacha. Somo lake linaitwa Falsafa ya Binadamu. Mimi hukaa nyuma ya darasa kuhakikisha wanafunzi wamefika, na nikajikuta nasikiliza kuliko wao. Wanafunzi huliita somo la kupumzika. Mkuu wa chuo, Bwana Egesa, amekuwa akitaka saa zake zipewe somo la dawa. Siku moja, tukiwa kwenye chai, alimtania mzee mbele yetu kwamba hospitali haijawahi kuishiwa na falsafa, huishiwa na glavu. Tulicheka wote. Mwalimu Okwakol naye alicheka, akasema ni kweli, boss, lakini glavu huvaliwa ili mtu amguse mtu, na yeye hufundisha hilo la pili.

Nilidhani ni maneno matamu tu, hadi habari ya Mguu. Mguu alikuwa dereva wa lori, jina lake Abdulaziz, aliyekaa kwenye foleni ya mpakani hadi kidonda chake cha kisukari kikaoza. Wodini kila mtu alimwita Mguu. Mguu amekataa kukatwa. Mguu amesusa uji. Mwalimu Okwakol aliwaambia wanafunzi wamweleze mtu yule bila kutaja ugonjwa wake. Kijana mmoja akasema ni mzito kumgeuza, wakacheka. Ikhlas hakucheka. Mchana alikwenda akaketi na yule dereva, akamwuliza habari zake. Akaja kujua kwamba mguu wenyewe ni wa kushoto, mguu wa klachi, na dereva yule hajui kazi nyingine duniani. Madaktari walikuwa wamemweleza habari za vijidudu tena na tena, na hakuna aliyewahi kumtajia klachi. Ikhlas alimtafutia dereva mwingine hapa Malaba anayeendesha gari lisilo na klachi, akaja kuzungumza naye kitandani kama madereva wanavyozungumza, kwa matusi na vicheko. Wiki iliyofuata Abdulaziz alikubali mwenyewe kufanyiwa upasuaji, na yuko hai.

Kwa hiyo, kaka, niliamini. Niliona kwamba mwuguzi anaweza kujua dawa zote na asijue anamtibu nani. Nakueleza haya ili usidhani Ikhlas ni mtu wa kupuuza mambo.

Sasa habari ya mtoto. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mama yake akiwa katika hali mbaya. Mama alifanyiwa upasuaji na hakuwa na fahamu. Mtoto aliwekwa katika chumba cha joto, wanamoingia wafanyakazi na mama mzazi tu. Mapafu yake yalikuwa hayajakomaa. Daktari wa zamu alisema waziwazi, mimi nikiwapo, kwamba yaliyobaki ni kumpa joto na hewa, na kwamba hatazamii afike jioni. Mimi nilikuwa nimepeleka ratiba ya zamu, nikabaki kwa sababu nyanya ya mtoto alikuwa mlangoni akizungumza Kiteso na hakuna aliyekuwa akimwelewa. Ikhlas aliniomba nitafsiri.

Nyanya huyo ni mama Amuron, kutoka upande wa Kamuriai. Alikuwa na kibuyu kidogo ndani ya leso, na unajua kilikuwa na nini. Alisema mtoto hajaitwa. Alitaka aonjeshwe ajon kidogo, ile pombe ya wimbi, huku majina ya wazee yakitajwa, ili jina litakalotajwa akinyonya liwe lake. Alisema akifa hivi hivi, watamzika nani? Watasimama kaburini wamlilie nani? Kaka, sisi tumekua tukiyaona haya, wewe mwenyewe ulipata jina lako la nyumbani hivyo hivyo. Mimi nililitafsiri kila neno. Pombe nikaiita pombe, sikuificha. Naomba uniamini katika hilo.

Ikhlas ni Mwislamu, hata sharubati iliyolala haigusi. Alikitazama kile kibuyu kwa muda. Aliniuliza kama nyanya angekubali maji badala yake. Nikauliza. Mama Amuron akasema kwa upole kwamba wazee hawaitwi kwa maji. Ikhlas akaenda kumtafuta daktari, akaambiwa ameitwa chumba cha upasuaji. Akarudi, akamwangalia mtoto, akamwangalia nyanya, halafu akakubali. Ajon ikatiwa kinywani mwa mtoto, tone moja dogo. Alasiri hiyo, kabla ya saa ya kutazama wagonjwa, mtoto alifariki.

Mhudumu mmoja alisikia harufu, akasema. Kufikia kesho yake chuo kizima kilijua kwamba mwanafunzi amemnywesha mtoto pombe. Walivyozidisha, ungedhani alimpa chupa.

Kamati ilikaa Jumatano. Mimi ndiye niliyeitwa kuandika yanayosemwa. Bwana Egesa si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alimwuliza Ikhlas, yeye kama Mwislamu, aliikubalije pombe. Ikhlas akajibu kwamba haikuwa yake wala ya dini yake, ilikuwa ya mtoto. Mjumbe mwingine akamwuliza kama falsafa ndiyo iliyomfundisha kuua. Mwalimu Okwakol alikuwapo, akaangalia meza. Daktari wa zamu alisema mtoto yule hangeishi kwa vyovyote. Wakamwuliza, je, anaweza kuapa kwamba tone lile halikumpalia? Akafikiri, akasema hawezi kuapa. Wakamwuliza Ikhlas ni nani aliyeitia ajon ile. Akasema, “Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niulizwe mimi.” Wakaichukua hivyo, kwamba ni yeye.

Baada ya kikao nilimfuata Mwalimu Okwakol. Nilitumaini atanituliza, atasema Ikhlas alitenda sawasawa na alivyomfundisha. Kaka, hakusema hivyo. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kumwona nayo. Alisema, “Nilimfundisha aulize mtoto huyu ni nani. Sikumwambia aache kuuliza mapafu yake yanaweza kubeba nini. Mwili nao ni mtu, Among. Si gunia ambalo mtu amewekwa ndani.” Nikamwuliza basi angefanya nini yeye. Akasema labda angeipaka ajon kwenye mdomo wa nje, labda angemwingiza nyanya avunje sheria ya mlango, labda angemkatalia kisha ajute maisha yake yote. Alisema hajui. Alisema kosa lake yeye ni kwamba alipewa saa moja kwa wiki kufundisha jambo hili, akaikubali, kana kwamba saa moja inatosha. Sasa wanataka kuiondoa hata hiyo, na Bwana Egesa amekwisha kumwambia ajiandae.

Sasa sielewi. Kama somo lile lilimwokoa Abdulaziz, je, ndilo lililomwua mtoto? Au mtoto hakuuawa na kitu? Asubuhi naamini tulimpa haki yake. Mchana naona uso ule mdogo na mirija puani, nasema tulikuwa wajinga. Wewe umewahi kuona watoto wa namna hii. Tone lisilojaa kichwa cha pini linaweza kumpalia? Niambie ukweli hata kama ni mchungu. Usinihurumie.

Umeona nimeandika tulimpa. Mkono wangu umenitangulia, basi niseme.

Si Ikhlas aliyeitia ajon, kaka. Ni mimi. Nyanya hakuruhusiwa kuingia, na Ikhlas hakuweza kuigusa. Mama Amuron alinitazama kwenye ule mwanya wa mlango akaniuliza kama mimi si mtoto wa kwetu. Nikasema ndimi. Akaniambia basi niwe kidole chake. Ikhlas aliniosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kidole kwa kidole, kama anavyonawa daktari. Yeye alikishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili. Mimi nikachovya kidole. Mama Amuron alisimama nje akiyataja majina polepole, mimi nikiyarudia ndani kwa sauti ndogo. Kwa Omagor, hakuna kitu. Kwa Okwakol, hakuna kitu, tukatazamana na Ikhlas, karibu tucheke. Nilipotaja Ekwaro, alininyonya. Nguvu ile, kaka, sijui aliitoa wapi. Naisikia bado kwenye ncha ya kidole hiki hiki kinachoshika kalamu. Nikamwambia nyanya, Ekwaro, naye akaketi chini sakafuni.

Na Jumatano nilikaa mle kikaoni, nikaandika, sikunyanyua macho. Walipovunja kikao nilimvuta Ikhlas kando, nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akaniambia, “Dada, wewe hata sindano hujui kuishika. Watakusaga. Mimi nilikuwa na sare, mimi ndiye niliyekubali.” Nikamwambia kidole kilikuwa changu. Akasema anajua, alikiosha yeye. Kisha akaenda kuswali.

Nimelifikiria hadi nimechoka. Ningeweza kungoja jibu lako kwanza, lakini nadhani nakuuliza ili nicheleweshe. Hata ukiniambia tone lilimpalia, kidole kitakuwa changu. Hata ukiniambia halikumpalia, kitakuwa changu vilevile. Basi Alhamisi, kabla hawajaanza, nitasimama niwaambie. Nitawaambia pia kwamba Ikhlas alimtafuta daktari, kwamba aliuliza kama maji yangefaa, kwamba mtu ambaye hakufundishwa lolote angefunga mlango na asingekuwa na kesi. Sijui kama sauti itatoka. Kandarasi yangu haitapona, na huenda polisi wakanitaka mimi. Naogopa sana. Unajua mimi huogopa hata mwalimu wa zamu.

Msalimie mama, umwambie nakula. Wasalimie watoto, na wifi, umwambie kitenge chake nimeshakipata. Ukisali, nitaje, na umtaje Ikhlas pia.

Barua hii anaileta dada Safia, yule anayenunua samaki Osieko na kuwauza hapa sokoni. Mpe yeye jibu lako akipita kurudi, mkononi mwake, usimpe msaidizi wake. Namba yangu usiipige kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo, nisipopokea, piga ya Safia, useme unaulizia samaki wa Among. Kama nimenyang'anywa chumba cha chuo nitalala kwake, nyuma ya reli, mlango wa bati la kijani. Na kama huko nako sipo, usiende polisi kwanza. Panda pikipiki hadi Kamuriai. Mama Amuron aliniambia siku ya maziko kwamba nina mahali pa kulala kwake siku yoyote. Wenye pikipiki hawamjui yeye, ila ukifika sokoni uulize nyumbani kwa kina Ekwaro, yule mtoto mchanga aliyezikwa juzi. Watakuonyesha, kwa maana wote wanamjua.

Mdogo wako,
Among