Ndevu za hina za babu Nunow

Shamis, natoka kwa shangazi Raho sasa hivi. Nina hasira, acha tu.

Ni mambo ya vita vya shifta, wale waasi wa miaka ya sitini. Babu Nunow alikuwa anarudi Garissa na mbuzi wake. Kwenye kizuizi, askari walikuwa wanachambua wanaume kwa ndevu. Kwa ndevu, Shamis! Asiye nazo, apite.

Mmoja akamkamata babu zile ndevu zake nyekundu. "Hii rangi ni alama ya shifta!"

"Ni hina, afande. Kwetu mzee akiota mvi hupaka hina."

"Mzee wa wapi? Wa msituni?"

Wakamnyoa kwa wembe mkavu, mkwewe aliyefuatana naye akitazama. Mkwewe! Halafu afande akacheka: "Sasa unafanana na mtu."

Kesho yake koo mbili zilikuwa zinamngoja azipatanishe kisimani. Akaenda, shuka imefunika kidevu. Ikateleza. Kijana mmoja akauliza, "Huyu nani? Tuleteeni mzee." Watu wakaangua kicheko. Babu akanyanyuka, akaondoka kabla ya kuwapatanisha.

Jioni hiyo koo zikapigana. Adeer Rage, ami yetu, kaka yake shangazi, akafa palepale kisimani.

Na sisi miaka yote tunaambiwa aliuawa na shifta.