Baba Anamsubiri Ndama Ambaye Bado Si Ndama

Shangazi wa redioni, shikamoo. Nakusikiliza kila unapokuwa hewani na leo zamu yangu imefika, nisaidie kabla sijamuumiza mzee wangu zaidi ya hapa.

Mimi nafanya kazi maabara ya mifugo, tunachukua mayai ya ng'ombe machinjioni, si ya kukaanga, Shangazi, usicheke, ni vijiyai ambavyo kwa macho matupu huvioni, vinakaa kwenye ovari za ng'ombe jike kama zilivyo zetu wanawake, tunavitoa kwa sindano, tunavikutanisha na mbegu za dume ndani ya kisahani, na kikitokea kitu tunampandikizia ng'ombe mwingine abebe mimba. Sasa nyumbani baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tulimwita Madaha kwa mwendo wake, marehemu mama alimlea kwa chupa baada ya kukataliwa na mamake, na mama alipotutoka baba akawa anamkamua mwenyewe huku anapiga naye soga, juzijuzi akateleza mtaroni akavunjika mguu, daktari wa mifugo akasema hapa hakuna namna ila kisu. Baba alijifungia chumbani. Mimi nikasimama kwa mchinjaji machozi yananitoka, nikamwomba zile ovari, nikazitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu nikakimbia nazo kazini, kufika, mashine ya kutunza joto imeharibika na fundi anakuja kesho!

Bosi wangu akaniambia, "Sasa unalia nini? Yalaze." Ndivyo tunavyofanya mambo yakikwama, tunayalaza mayai kwenye maji yake maalumu ndani ya kisanduku, ubaridi wa maji ya mtungi, si barafu, barafu ingeyaua, na humo yanatulia tu, hayakui wala hayafi, yanangoja. Kazi hii nimeizoea, lakini siku ile nilikitazama kile kisanduku mwili ukanisisimka, maana nyama ya Madaha majirani walishaipika, na yeye bado yumo humo anangoja fundi. Kesho yake tukayaamsha, tukayakutanisha na mbegu, mengi yakaharibika, moja likagawanyika likawa mawili, likaendelea, tukampandikizia ng'ombe wa maabara.

Kazini tuna mwiko, hakuna kutamka neno ndama mpaka daktari ampime aliyepandikizwa athibitishe mimba imeshika, kabla ya hapo ni "kile kitu" tu, maana tumeshalia sana. Mimi na ulimi wangu nikamwona baba hali chakula, nikamwambia, "Baba, ndama wa Madaha yuko njiani." Tangu hapo anafagia zizi kila asubuhi, kaka kamletea mtamba, jike ambaye hajazaa bado, baba kamrudisha, eti, "Nafasi hiyo ina mwenyewe." Majibu bado. Na jana tukinywa chai akaniuliza, "Kwa hiyo Madaha alishakufa, na yai lake li hai?" Nikasema ndiyo. Akakiangalia kiti cha mama, akasema, "Kumbe mtu anaweza kufa na asiishe." Shangazi, chai ilinishinda. Nimwambie ukweli au ningoje majibu?

Ni mimi, Mlaza Mayai.

*

Marahaba, Mlaza Mayai. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kunawa uso. Nimezeeka nikijua kufa ni kufa, kumbe kuna kitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kulala kwenye ubaridi wakati mwenyewe ameshaliwa, kisha kikaamshwa kikaanza maisha. Mungu ana mambo! Nimeogopa, na nimefurahi.

Lakini wewe! Waliokufundisha kazi walikuwekea mwiko kwa sababu, ukaenda kuuvunja mbele ya mfiwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimhurumia, najua, ningekuwa mimi labda ningesema mapacha. Ila huruma hiyo sasa inamfukuza mtamba mlangoni. Na baba yako pale kwenye chai hakuwa anauliza habari za ng'ombe, binti yangu. Hilo umelijua, ndiyo maana chai ikakushinda.

Usingoje majibu. Yakiwa mabaya, atasema ulimficha. Yakiwa mazuri, ataamini unaweza kumrudishia chochote. Mwombe bosi wako ruhusa, mpeleke mzee maabara, mvishe koti jeupe, mkalishe mbele ya darubini alione yai la ng'ombe yeyote lililolala. Mwache ashangae mpaka achoke, mshangao huo ni haki yake. Hapohapo mwambie kwa mdomo wako, "Baba, niliharakisha kusema. Mengi hayashiki." Kisha nyamaza, umwache amzungumzie mama yako, maana sidhani kuna aliyemuuliza tangu mazishi. Na kaka yako amlete tena yule mtamba leo. Zizi halijawahi kukataa wawili.

Mimba ikishika, siku atakapozaliwa yule mdogo mkamfuta kwa majani makavu, mzee atakuuliza kama huyu ni Madaha. Usimwambie amerudi. Mwambie amekuja.