Mama, Doa la Kaburini Kwako Limetoka

Mama,

Limetoka! Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Lile doa jekundu kwenye kitambaa cha madhabahuni limetoka lote. Jumapili moja mwezi uliopita askofu aliweka mikono yake juu ya kitambaa hicho hapa Voi, bila kujua kwamba mwaka mzima mimi na kitambaa hicho tumeishi kama wake wenza.

Wewe doa hukuliona, maana liliingia siku tuliyokuzika. Walitoa meza ya kanisa nje, wakaiweka karibu na kaburi, wakaitandika kitambaa kile cheupe ulichokuwa ukikifua kila Jumamosi tangu sijaanza shule. Upepo ukaja, ule wa kwetu usiojua adabu, na manyunyu nyuma yake. Meza ikapinduka. Kitambaa kikatua juu ya udongo uliochimbwa, na kila aliyekimbilia kusaidia akakikanyaga. Udongo wetu unaujua, hata ndovu wa hapa ni wekundu. Nilikuwa nalia, halafu nikajikuta nawaza: si kitu, Mama atalitoa. Nikaanza kukutafuta kwa macho katikati ya watu. Mama, nilikutafuta uje ufue kitambaa cha mazishi yako mwenyewe.

Mama Zawadi, jirani yetu, ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani siku hizi. Alikichukua akakiloweka kwa dawa ya dukani. Weupe ukageuka manjano, wekundu ukabaki palepale. Akakileta kwenye mkutano, akakikunjua mbele ya watu wote na kusema, "Hiki tukikate tu vitambaa vya kupangusia. Ile kazi ya kufua kwa majivu ilienda na marehemu." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikasimama. Nikasema nipewe mimi, na askofu akija kwa kipaimara atakikuta mezani kikiwa cheupe.

Nilisema kwa kiburi, Mama, na kichwani sikuwa na kitu. Miaka yote ile sikujifunza kwako hata kidogo. Shuleni waliniita Binti Jivu kwa sababu ya harufu ya nyumba yetu, nami nikaapa mikono yangu haitagusa mitungi yako ya jivu na siki. Siku niliyoleta wenzangu wa kazini niliisukuma chini ya kitanda wasiione. Uliona. Kesho yake uliitoa, ukaipangusa vumbi, ukaendelea na kazi. Nisamehe. Nilipaswa kusema hivyo ukiwa unasikia.

Basi nilianza na nilivyovikumbuka. Jivu nilijua unalitoa kwa yule mama wa hoteli pale Mraru, anayepikia kuni za mgunga tupu. Nilijua unalichekecha, unalitia kwenye gunia, unalipitishia maji polepole mpaka yanayodondoka yateleze kati ya vidole. Siki nilijua ni ya maganda ya ndizi, zile anazotuletea Shangazi kutoka Njukini, ukiyavundika na sukari kidogo mpaka yachachuke. Na nilijua mitungi yako miwili. Wa njano wa maji ya jivu ulimwita Mama Mkwe, naye alikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Wa buluu wa siki ulimwita Mkwe, naye alikaa nje chini ya mndimu. Ukiikuta imewekwa pamoja unafoka, "Watenganishe hao! Mkwe na mama mkwe hawalali nyumba moja!" Mimi nilicheka tu. Hata kuku wako walikuwa na majina, sasa ningejuaje kwamba hapo ulikuwa unafundisha?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili. Niliwaza hivi: ikiwa jivu ni kali, na siki ni kali, nikiviweka pamoja si doa litakimbia lenyewe? Nikavimimina katika beseni moja. Povu lilipanda mpaka ukingoni, likichemka bila moto. Nilimwita mjukuu wako Mkawasi aje aone maajabu. Nikasugua mpaka vidole vikawaka. Doa likanitazama tu.

Nikaongeza jivu. Nikaongeza siki. Kila mara povu, na kila mara maji yale yalipoa yakawa hayana ukali wowote, huku wala huku. Nilifika mahali nikaenda Mraru kumshtaki yule mama wa hoteli kwamba ananiuzia jivu la mbao za fenicha. Alinitazama sana, kisha akasema, "Mama yako alichukua jivu hapa hapa, kwa jiko hili hili, na hakuwahi kuja kulia." Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili askofu aje. Jioni ile nilikaa na mkasi mkononi, nikakiangalia kitambaa, na karibu nikate.

Sasa sikia aliyenisaidia. Mkawasi amepata mchumba, Mama. Anaitwa Mutua, kijana wa Kibwezi, mpole, anakula vizuri, ungempenda. Alikuja kututembelea na ikabidi alale. Jua halijazama nikachukua mto na leso yangu niende kulala kwa Mama Zawadi. Mkawasi akacheka, "Mum, kwani ni lazima? Si kuna vyumba viwili!" Nami nikamjibu bila kufikiri, "Mkwe na mama mkwe hawalali nyumba moja. Watavunjiana heshima."

Nikasimama mlangoni. Mtungi wa njano ulikuwa hapo karibu na mguu wangu. Wa buluu ulikuwa hapo pia, ubavu kwa ubavu, nilivyoiacha mwenyewe.

Mama! Wanavunjiana! Ndiyo maana maji yalikuwa yanakufa! Lile povu nililoliona nguvu lilikuwa ni wawili hao kumalizana. Nilicheka peke yangu njiani mpaka Mama Zawadi akaniuliza kama nimekunywa.

Asubuhi nikamtanguliza Mama Mkwe peke yake. Nililoweka kitambaa kwenye maji ya jivu, nikakifikicha, na maji yakawa mekundu kama chai ya rangi. Kisha nikakumbuka mikono yako: ulisuuza mara tatu. Siku zote ni mara tatu, hata mwaka wa ukame maji yakinunuliwa, na mimi nilinung'unika kwamba unayamwaga bure. Kumbe ulikuwa unamtoa mmoja na kufagia uwanja kabla ya kumkaribisha mwingine. Nikasuuza mara tatu. Ndipo nikamwita Mkwe, siki na ndimu mbili, nikakianika kingali na unyevu kwenye jua la saa sita. Nikarudia siku tano. Siku ya tano nilikitafuta kwenye kamba nisikione, maana kilikuwa kinameta macho yakauma. Nilipiga kigelegele peke yangu uani. Mbwa wa jirani akakimbia.

Jumapili ile ya askofu Mama Zawadi alifika kabla ya watu. Alikishika, akakigeuza, akakinusa. "Mama Mkawasi, hii umetumia dawa gani?" Nikamwambia, dawa ya marehemu. Alikaa kwenye benchi akalia, nami nikalia, kisha tukafuta machozi maana kwaya ilikuwa inaingia.

Sasa kila Jumamosi uani kwako pamejaa akina mama. Sabuni imepanda bei kila mtu analia, kwa hiyo wanakuja na ndoo zao. Tunasugua masufuria na sakafu kwa maji ya jivu, na birika zenye magamba ya maji ya chumvi tunazitilia siki zilale nayo, asubuhi yanabanduka yenyewe. Na mtu akisogeza mtungi wa njano karibu na wa buluu, wote wanapiga kelele, "Watenganishe hao!" Sauti ni zao, maneno ni yako. Mikono yangu inanuka jivu, Mama, na siifichi.

Nakuahidi jambo moja. Mkawasi akifunga ndoa, kitambaa chako kitakuwa mezani mbele yake, na jioni nitachukua mto wangu niende kwa Mama Zawadi, mitungi yako nayo kila mmoja kwake. Na kabla hajaondoka nyumbani, Mkawasi atakuwa amesuuza mara tatu kwa mikono yake mwenyewe, na atajua kwa nini.

Kwaheri, Mama. Jumamosi usiamke mapema. Nguo ziko kwangu.

Binti Jivu wako,
Wakio